Kuigeuza nyumba ya mawe ya pwani kuwa maktaba ya umma: mwongozo kwa msanifu na kamati yake

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar, Mombasa na Lamu zina kuta nene za matumbawe na chokaa, vyumba virefu vyembamba, na sakafu za juu zinazobebwa na boriti za mikoko. Ukitaka kuweka maktaba humo, ghorofa ya chini ina nguvu lakini ina unyevu, na ghorofa za juu ni kavu lakini hazikujengwa kubeba tani za karatasi. Kitabu ni kizito na kitabu huoza. Kazi kubwa ya msanifu ni kusuluhisha ugomvi huo chumba kwa chumba. Rangi, samani na kibao cha mlangoni vinaweza kusubiri.

Jambo lenyewe si geni. Ngome ya Lamu, iliyokamilika 1821, ilikuwa gereza hadi 1984, na leo ndani yake mna makumbusho na maktaba. Lakini ngome ilijengwa kwa uzito. Nyumba ya mfanyabiashara ndiyo inayotaka hesabu, na mwongozo huu unaihusu hiyo.

1. Isome nyumba kabla ya kuchora

Vibali kwanza. Zanzibar utaanzia Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kenya, majengo yaliyotangazwa kuwa urithi yako chini ya Makumbusho ya Taifa kwa sheria ya 2006. Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, na Lamu tangu 2001, kwa hiyo hata mlango na lipu ya nje ni mambo ya kujadiliwa. Wapelekee mchoro wa nyumba ilivyo kabla ya mchoro wa maktaba unayoitaka. Mazungumzo yataanzia kwenye jengo, na hapo ndipo yanapopaswa kuanzia.

Pima kila chumba pande zote nne na mishazari yote miwili. Kuta hizi hazina pembe mraba, na rafu iliyokatwa kwa kipimo cha ukuta mmoja itagoma kuingia upande wa pili. Chora kwa kipimo cha 1:50. Andika unene wa ukuta kwenye kila dirisha na mlango (mara nyingi sentimita 45 hadi 60), halafu weka mshale unaoonyesha boriti za kila sakafu zinaelekea wapi. Ukisahau vipimo vingine vyote, mshale huo usiusahau.

Kisha ngoja mvua. Ukaguzi uliofanywa Januari, kaskazi ikivuma na kuta zimekauka, hauoni nusu ya matatizo. Rudi wakati wa masika, mvua ikinyesha, ukiwa na tochi, uanzie paani ushuke. Paa nyingi za zamani zilikuwa bapa, za chokaa, na baadaye zikafunikwa bati. Maji huingia pale bati linapokutana na ukuta na pale mfereji ulipoziba majani. Kila doa la maji lizungushie penseli na uandike tarehe. Ukirudi wiki mbili baadaye utajua kama linakua.

Kwenye kila ufa bandika kipande chembamba cha jasi kinachovuka pande mbili, nacho ukiandike tarehe. Kikikatika, ufa bado unatembea na hiyo ni kazi ya mhandisi wa miundo. Usiujaze saruji ili usionekane. Beit al-Ajaib (Jumba la Maajabu) ya Zanzibar, iliyojengwa 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wakapoteza maisha. Ndiyo maana nguzo za muda za kushikilia dari huwekwa kabla fundi hajagonga ukuta hata mara moja.

Mwisho wa ukaguzi ni boriti. Chukua bisibisi nyembamba au msumari mrefu uchome kila boriti pale inapoingia ukutani. Mti mzima hukataa baada ya milimita 2 au 3. Mti uliooza humeza sentimita 2 bila ubishi. Boriti huoza nchani kwa sababu ukuta ndio unaoinywesha maji, na katikati hubaki nzuri kabisa, kwa hiyo kuitazama ukiwa umesimama chumbani hakukuambii kitu. Zipe namba kwa chaki, uandike kipenyo na hali ya kila ncha. Ni kazi ya siku nzima yenye vumbi jingi, na haina njia ya mkato.

2. Hesabu vitabu kwa kilo

Kamati huja na idadi ya vitabu. Igeuze kuwa mita, kisha kilo.

Mita moja ya rafu iliyojaa hubeba vitabu kama 33 vya kawaida, na uzito wake ni karibu kilo 30. Maktaba hai haijazi rafu zake. Hupanga robo tatu tu ili vitabu vipya vipate pa kuingia, yaani kama 25 kwa mita. Vitabu 6,000 basi vinataka mita 240 za rafu. Ukiweka ngazi tano kwa kimo, utahitaji mita 48 za ukuta. Uzito, hata hivyo, uhesabu kana kwamba rafu zimejaa: mita 240 mara kilo 30 ni kilo 7,200, bila mbao zenyewe. Ukihesabu kwa robo tatu, siku moja utaletwa msaada wa makasha arobaini na rafu zitajazwa pomoni wewe ukiwa haupo.

Linganisha sasa. Sakafu ya nyumba ya kuishi hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita mraba. Chumba cha rafu za vitabu zilizosongamana, kanuni nyingi za uhandisi hukitaka kibebe kilo 650 hadi 750.

3. Amua uzito ukae wapi

Hapa ndipo maktaba nyingi za nyumba kongwe hukosewa, kwa hiyo tuifanye hesabu polepole.

Chukua chumba cha juu chenye upana wa mita 2.8. Upana huo si wa bahati, ndio urefu wa boriti ya mkoko unaotumika. Boriti zimelala kwa upana, kila sentimita 40, zimeegemea kuta mbili ndefu. Juu yake pana mawe na chokaa, sentimita 25 hivi, ambayo peke yake ni karibu kilo 450 kwa mita mraba. Kwa hiyo kila boriti tayari imebeba nusu tani kabla hajaingia mtu.

Sasa weka rafu ya pande mbili katikati ya chumba, ikifuata urefu wa chumba. Vitabu na mbao ni kilo 350 kwa kila mita, kwa hiyo kila boriti inapata kilo 140 za ziada palepale katikati, mahali inapopinda kirahisi kuliko kote. Nguvu ya kupinda iliyoongezeka ni 140 mara 2.8 gawa kwa 4, yaani 98 kwa kipimo cha kilo mara mita. Boriti yenye kipenyo cha sentimita 13 imeongezewa zaidi ya nusu ya mzigo wa kupinda iliokuwa nao.

Chukua rafu hizohizo, uzitenganishe mgongo, uzisukume kila upande kwenye ukuta mrefu. Kila boriti sasa ina kilo 70 karibu na kila ncha, kama sentimita 20 kutoka ukutani. Nguvu ya kupinda ni 70 mara 0.2, yaani 14. Vitabu ni vilevile na chumba ni kilekile, lakini mkazo ulioongezeka umepungua mara saba. Katikati panabaki wazi kwa meza.

Ila sasa ncha ndizo zinazobeba, na ncha ndizo zinazooza. Ndiyo sababu ya bisibisi. Boriti yoyote uliyoipa alama mbaya nchani haiwekewi rafu juu yake mpaka itengenezwe.

Mpangilio mbaya kuliko yote ni rafu iliyolala sambamba na boriti, kwa upana wa chumba. Mzigo wote wa rafu huishia kwenye boriti moja au mbili huku jirani zake zimepumzika. Huupata sana pale mtu anapotaka kukigawa chumba kirefu kwa kutumia makabati. Gawa kwa pazia, kwa mkeka uliotundikwa, kwa kiunzi chepesi cha mbao. Usigawe kwa vitabu.

Mgawanyo unaofanya kazi katika nyumba nyingi ni huu. Chini: mapokezi, magazeti, watoto, vitabu vizito vya marejeo na rafu za katikati kama lazima ziwepo. Watoto, wazee na wenye viti vya magurudumu wasipandishwe ngazi za mawe zenye vidato vya sentimita 22 na zaidi. Juu: meza za kusomea, rafu za ukutani pekee, chumba cha mikutano midogo. Chumba cha kusomea chenye meza na viti sakafu nyingi nzima hukimudu, lakini mhandisi alithibitishe hilo kwa maandishi.

4. Kausha ghorofa ya chini

Kwa kuwa vitabu vizito vimeshuka chini, chini lazima pakauke. Fuata mpangilio huu, maana kila hatua ikirukwa huharibu inayofuata.

Anza na maji ya mvua. Tengeneza mifereji ya paa, mabomba ya kushushia yaishie mbali na msingi, na kama kichochoro kimeinuliwa kwa miaka mingi hadi kimepita kimo cha sakafu yako, ongea na manispaa kuhusu mtaro kabla hujanunua mfuko mmoja wa chokaa.

Halafu toa saruji. Gonga kuta kwa ushikio wa nyundo. Panapolia kama kitu kilicho kitupu ndani, lipu imeachana na mawe. Saruji haipitishi mvuke. Maji yanayopanda kutoka ardhini yakikuta saruji hadi kimo cha mita moja, hayageuki kurudi. Hupanda zaidi yatokee juu yake. Ndiyo maana ukuta uliopigwa saruji "kuzuia unyevu" huwa na doa mita moja na nusu juu, mahali ambapo zamani palikuwa pakavu. Vigae vya sakafuni hufanya vivyo hivyo: huyasukuma maji yatoke kwenye kuta. Bandua, weka kokoto za sentimita 15, kisha zege ya chokaa ya sentimita 10.

Saruji ikishatoka, acha ukuta upumue. Kadirio la mafundi ni mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ukuta wa sentimita 50 unaokauka pande zote mbili utataka miezi kumi. Hili ndilo linalouma bajeti na ratiba, na ndilo linaloondolewa kwanza wafadhili wakitaka kufungua kwa tarehe fulani. Lipange tangu mwanzo. Kazi ya paa na boriti inaweza kuendelea juu wakati chini panakauka.

Chumvi ni adui wa pekee wa pwani. Chumvi ya kawaida hunywa maji ya hewani yenyewe unyevu unapopita kama asilimia 75, na hugeuka fuwele tena hewa ikikauka. Pwani mpaka huo huvukwa mara kwa mara, na kila fuwele inapokua ndani ya lipu husukuma chembe kidogo. Ule unga mweupe unaodondoka kwenye mgongo wa vitabu ni huo. Usiuoshe kwa maji, utaurudisha ukutani. Upige brashi kavu, uukusanye kwenye gazeti, uutoe nje ya jengo.

Kwa lipu mpya, tumia chokaa iliyolowekwa na kuiva angalau miezi mitatu, kipimo kimoja kwa mchanga mkali vipimo vitatu. Mchanga wa ufukweni haufai, hata ukisafishwa na mtu unayemwamini. Lowesha ukuta jana yake. Piga mapigo matatu, kila moja lisizidi milimita 10, na ungoje hadi ukucha wa gumba usiache alama ndipo upige linalofuata. Mara nyingi ni siku saba hadi kumi na nne. Tundika magunia yenye maji mbele yake kwa wiki nzima. Lipu ya chokaa iliyokaushwa na jua la mchana hupasuka kama udongo wa jaruba, na fundi atalaumiwa ilhali kosa ni la gunia lililokosekana. Malizia kwa chokaa nyepesi ya kupaka, mikono minne au mitano. Rangi ya plastiki itarudisha tatizo ulilolipa miezi kumi kuliondoa.

Anayeloweka chokaa mbichi avae miwani na glavu. Inachemka, na jicho lililoingiwa na chokaa huweza kupofuka.

5. Boriti mbovu

Boriti iliyooza ncha moja haihitaji dari lote kubomolewa. Shikilia dari kwa nguzo za muda, kisha laza boriti mpya kando ya ile ya zamani. Kama ncha mbovu zinafuatana sita au saba, ni afadhali ubao mnene wa mti mgumu ulazwe chini ya boriti zote kando ya ukuta, ukibebwa na nguzo zinazoshuka hadi chini. Unachukua nafasi ya sentimita 15, lakini mzigo unaondoka kwenye ukuta mbovu.

Ncha mpya ipakwe dawa ya borati dhidi ya mchwa na iachiwe upenyo wa hewa wa sentimita 2 kuizunguka. Usiizungushie saruji, maana itageuka kikombe cha maji. Mikoko haikatwi bila kibali, kwa hiyo agiza mapema na udai karatasi za msitu.

6. Rafu zenyewe

Rafu iache sentimita 7 kati ya mgongo wake na ukuta ghorofa za juu, na sentimita 10 chini, wala isiwe na ubao wa nyuma. Ngazi ya kwanza ianzie sentimita 15 kutoka sakafuni, ili maji ya msafishaji na mafuriko madogo yapite chini. Kimo kisizidi mita 1.8 kwa watu wazima, na mita 1.2 kwa watoto. Ubao wa milimita 20 usivuke sentimita 75 bila egemeo. Ukiuacha ufike 90 utapinda kwa mwaka mmoja na hautanyooka tena. Njia kati ya rafu iwe sentimita 90 kwa uchache, na mita 1.2 pale watu wanapopishana.

Usizifunge kwa bolti za kutanuka. Matumbawe ni laini. Bolti hupasua jiwe na baada ya mwaka unaitoa kwa vidole. Chimba tundu, ingiza kijiti cha mti mgumu kwa chokaa, ndipo utie skrubu. Rafu zilizosimama peke yake ziunganishwe juu kwa juu.

Zidaka, yaani vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta, zinavutia kujazwa vitabu. Zitumie kwa maonyesho ya vitabu vipya, vinavyobadilishwa kila wiki. Kitabu kinachokaa humo msimu mzima kinagusa ukuta kwa mgongo, na kitaota ukungu.

7. Hewa, mwanga, milango

Ua wa ndani ndio mapafu ya nyumba. Hewa moto hupanda humo, hewa baridi huvutwa kutoka vichochoroni. Ukitaka kuufunika kwa kioo mvua isiingie, inua paa hilo na uache wazi sentimita 40 au zaidi kuzunguka. Ua uliozibwa hugeuza nyumba kuwa tanuri.

Kiyoyozi kinachowashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa jioni ni kibaya kwa vitabu kuliko kutokuwa nacho. Kikizimwa, hewa ya usiku yenye unyevu huingia na kukuta kuta na karatasi baridi, na ukungu huanza hapo. Feni za darini na madirisha yenye vibao vya kukingama, yaliyofunguliwa kwa kusi na kwa kaskazi, hutosha vyumba vingi. Tundika kipima unyevu kwenye kila ghorofa. Zaidi ya asilimia 65 kwa siku nyingi ni eneo la ukungu, na pwani utakuwa humo mara nyingi, kwa hiyo hewa iendelee kutembea hata usiku.

Meza zipate mwanga wa lux 300 hadi 500. Jua la moja kwa moja lisiguse rafu. Nyaya zipite juu ya uso wa ukuta, ndani ya mabomba. Kuchimba mifereji kwenye matumbawe hudhoofisha ukuta na kukaribisha maji.

Mlango wa zamani wa nakshi una kizingiti kirefu. Kizingiti cha sentimita 20 kinahitaji mteremko wa mita 2.4 kwa uwiano wa 1:12, na kichochoro hakina nafasi hiyo. Tafuta mlango wa uani au wa nyuma, uwe wazi sentimita 80 na zaidi, na ndani yake pawe na mita 1.5 ya kugeuzia kiti. Huohuo utakuwa mlango wa pili wa dharura. Baraza ya nje usiivunje. Watakaongoja maktaba ifunguliwe watakaa hapo.

8. Kuingiza vitabu

Usipakie siku moja. Kaza uzi mkavu kutoka ukuta hadi ukuta chini ya dari linalobeba ghorofa ya juu, na upime umbali wa boriti ya katikati kutoka kwenye uzi. Weka theluthi ya vitabu, ngoja wiki mbili, pima. Kwa chumba cha mita 2.8, dari likishuka zaidi ya milimita 9 kwa jumla, simamisha, punguza, mwite mhandisi. Kama limetulia, ongeza theluthi ya pili.

Masika ya kwanza baada ya kufungua, pita kila Jumatatu kwenye rafu za chini za kuta zinazopakana na kichochoro. Chomoa kitabu kimoja kila mita, kifungue katikati, kinuse. Harufu ya uvundo hutangulia madoa kwa wiki kadhaa. Ukiisikia, toa ngazi hiyo yote, vuta rafu sentimita 5 zaidi kutoka ukutani, elekeza feni hapo, na upime tena baada ya wiki mbili kabla ya kurudisha kitabu hata kimoja.